Muulize Mpimaji: Mwezi wa Pangani na mnazi wa jirani

*Shikamoo Babu Mpimaji. Mimi ni muuguzi hapa Pangani. Mwezi uliopita, usiku wa mwezi mpevu, nilikaa ufukweni na kaka yangu aliyekuja likizo kutoka chuoni. Mwezi ukachomoza baharini, mwekundu, mkubwa kama sinia la pilau. Nikaupiga picha kwa simu nimpelekee mama. Kuitazama picha, mwezi ni kinukta, kama punje ya mchele iliyoangukia mkeka. Mimi nikacheka, kaka hakucheka. Akasema: "Umeona? Jicho limekudanganya, simu imesema kweli. Na kama limekudanganya kwa mwezi, utajuaje halikudanganyi kwa mengine?" Anadai wanafalsafa walishamaliza jambo hili, kwamba hakuna binadamu aliyewahi kuiona bahari yenyewe, tunachokiona ni picha iliyo kichwani. Nikakosa jibu, na kwake sipendi kukosa jibu. Babu, nani mwongo, jicho au simu? Na huyu ninayekaa naye ni kaka au picha ya kaka?*

*Muuguzi, Pangani*

Marahaba mjukuu wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili bibi yenu asikie. Yeye kasema kijana apewe ndoo akachote maji kisimani, atajua kama ndoo ni picha. Mimi nitamjibu kwa upole zaidi, maana hoja aliyoibeba si ya kitoto.

Kwanza mwezi. Usibishane naye, mpe jaribio. Chukua kunde moja jikoni, ibandike kwa gundi kwenye ncha ya njiti ya kibiriti. Mwezi mpevu ujao, kwenye saa kumi na mbili na nusu jioni, nendeni pale pale mlipokaa. Nyosha mkono wote, fumba jicho moja, ipeleke kunde mbele ya mwezi. Itaufunika wote. Sinia zima la pilau limemezwa na kunde! Saa sita ya usiku, mwezi ukiwa juu na umeshakuwa mdogo kama kisahani cha kahawa, rudia kwa mkono ule ule na kunde ile ile. Itaufunika vile vile.

Mimi niliwahi kuupima kwa chombo. Nilikuwa mpimaji ardhi kwa miaka 31, na kambini usiku ni mrefu. Karibu na Muheza, jioni moja, niliielekeza thiodolaiti, darubini yetu ya kupimia pembe, kwenye mwezi uliokuwa unachomoza, nikapima upana wake toka ukingo hadi ukingo. Nikapata dakika 31 za pembe (digrii moja ina dakika 60), yaani nusu digrii na chembe. Saa nne baadaye ulipokuwa umepanda nikapima tena, na ulikuwa umezidi kwa chini ya nusu dakika. Umezidi, nasema! Ule ulioonekana mdogo ndio uliokuwa mpana. Sababu ni nyepesi: mwezi uko mbali nasi kiasi cha kilomita 384,000, na unapochomoza unautazama ukiwa ubavuni mwa dunia, lakini ukifika utosini dunia imekusogeza kwake kwa kilomita kama 6,400. Kwa hiyo hata lile jibu la kwamba hewa ya upeoni huukuza mwezi kama lenzi, nililofundishwa nikiwa darasa la saba na nikalifundisha kwa vijana wangu wa kubeba mnyororo, si kweli. Hewa ya chini huupinda mwanga, hilo kweli, lakini inachofanya ni kuubonyeza mwezi kidogo toka juu, uwe kama chungwa lililokaliwa. Haiukuzi.

Basi simu imesema kweli? Simu haijasema chochote kuhusu ukubwa. Inachokijua ni pembe tu, na lenzi yake imetanua macho ikakusanya bahari na mbingu na mashua tatu ndani ya kioo cha ukubwa wa kiganja. Mwezi umepewa fungu lake la nusu digrii humo, ndiyo maana ukawa punje. Ukiikata ile picha ukaivuta, utapata sinia. Mimi simwoni mwongo kati ya hao wawili. Ninaloona ni kwamba jicho halikuridhika kukupa pembe peke yake, lilijaribu kukupa na ukubwa, na hapo ndipo palipoteleza.

Jambo hili Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra wa mwaka 965 aliyeandikia Kairo, alilieleza miaka elfu iliyopita katika kitabu chake kikubwa cha elimu ya kuona. Alisema kuona si mwanga kuingia machoni tu. Ndani yake mna hukumu, nayo hupita upesi hata mwenyewe hujui kama umehukumu. Kitu cha pembe ile ile, ukikihesabu kiko mbali zaidi, utakiona kikubwa zaidi. Kule upeoni kuna bahari, kuna minazi, kuna mashua, vyote vinakuhesabia umbali. Juu hakuna kitu. Mbingu yenyewe tunaiona kama dari lililolala, si kama kuba. Hivyo mwezi wa upeoni unahesabiwa uko mbali, unakuzwa. Ni maelezo mazuri, na hayajafunga mjadala: muulize mtu yeyote ufukweni kama ule mwezi mkubwa uko karibu au mbali, wengi watakwambia uko karibu, karibu kuugusa. Wataalamu wanavutana hapo mpaka leo.

Sasa kaka yako. Hoja yake nitaiweka vizuri kuliko alivyoiweka, ili nisije nikaambiwa nimepigana na kivuli. Inakwenda hivi. Uliona kitu kikubwa. Mwezi haukuwa mkubwa. Basi ulichokiona si mwezi, ni kitu kingine, picha iliyo kwako mwenyewe. Na kwa kuwa kuona kwa kosa na kuona sawasawa hakutofautiani usoni, yaani mwenye kuona hawezi kuonyesha alama akasema hapa picha imeishia na hapa bahari imeanzia, basi hata unapoona sawasawa ni picha tu unayoiona. Hume wa Scotland, mwaka 1748, aliitumia meza: ukiiacha ukarudi nyuma, unayoiona inapungua, na meza yenyewe haipungui, basi ulichokuwa unakiona ni sura tu. Mwingereza Ayer aliirudia hoja hiyo mwaka 1940 kwa ufundi mkubwa, na fimbo iliyotiwa majini ndiyo iliyokuwa mfano wa kila mwandishi.

Fimbo ya majini sisi tunayo, na wewe wa Pangani unaiona kila siku. Upondo wa mtumbwi pale mtoni, ukizama, unaonekana umevunjika pale pale maji yalipoanzia. Umewahi kumsikia mwenye mtumbwi akisema ameona upondo mwingine, uliovunjika, umesimama mbele ya upondo wake? Anaona upondo ulio majini, na upondo ulio majini ndivyo unavyoonekana. Ungeonekana umenyooka ndipo angeshtuka. Mvuvi wa mkuki naye hampigi samaki pale anapomwona, hupiga chini kidogo, na chakula cha jioni hupatikana.

Mwalimu mmoja wa Oxford, Austin, alimkabili Ayer kwa njia hiyo hiyo katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki. Kosa, alisema, limo katika ile hatua ya kwanza ambayo watu huiruka bila kuitazama: eti kitu kikionekana hivi na hivi, lazima pawepo kitu ambacho kweli kiko hivi na hivi. Nani kasema? Kwa Kiswahili chetu hatua hiyo inachekesha. Jirani akionekana mgonjwa, na ni mzima, hatusemi kuna mgonjwa mwingine aliyekaa mbele yake. Tunasema jirani huyu huyu anaonekana mgonjwa. Wewe muuguzi unalijua hilo kuliko Austin, kwa sababu kazi yako ndiyo hiyo, kutenganisha anayeonekana na aliye.

Ninalotaka kuongeza mimi ni la kipimaji. Katika kazi yetu hakuna chombo kisicho na kosa. Thiodolaiti mpya, ikitoka kwenye kasha lake, ina kosa. Hatuitupi. Tunasoma pembe, tunaigeuza darubini upande wa pili, tunasoma tena pembe ile ile, tunachukua wastani, na kosa linajifuta lenyewe kwa sababu upande mmoja limezidisha na wa pili limepunguza. Ukiniuliza nilijuaje kama chombo kina kosa, nitakwambia nilijua kwa kukitazamia tena. Chombo kilijishtaki chenyewe. Hakuna siku nilipoacha kutazama nikakaa chini ya mwembe nikagundua kosa kwa kufumba macho.

Na mwezi ni hivyo hivyo. Umejuaje kwamba jicho lilizidisha? Kwa kuitazama picha ya simu, kwa jicho. Ukifanya jaribio la kunde utaiona kunde, kwa jicho. Kaka yako amemwita shahidi mahakamani, akaupokea ushahidi wake wote kuhusu simu, kisha kwa ushahidi huo huo anataka shahidi afungwe kwa uongo wa maisha. Hakimu gani atakubali?

Imamu Ghazali, aliyezaliwa Tus mwaka 1058, alipita njia hii kwa uchungu kuliko sisi wote. Ameandika kuhusu maisha yake kwamba alianza kwa kuzishuku hisi, na mfano wake ulikuwa kivuli: unakitazama, kimesimama, baada ya saa moja unajua kimetembea. Na nyota: unaiona ndogo kama dinari, na hesabu zinathibitisha ni kubwa kuliko dunia. Akasema, kumbe jicho lina hakimu wake, ambaye ni akili. Kisha akajiuliza, na akili nani hakimu wake? Akakaa karibu miezi miwili katika ugonjwa huo wa shaka, mpaka, anavyosema mwenyewe, Mungu alipomtia nuru kifuani. Kila nikimsoma nakwama kwenye kile kivuli. Nimesimamisha vijiti vingi sana juani kutafuta kaskazini, na ni kweli, kivuli kimesimama kabisa, unakunywa kahawa yako, unageuka, kimehama. Lakini umegeuka! Umekitazama tena. Hakimu aliyelihukumu jicho la saa nne ni jicho la saa tano, na akili ilikuwa karani wa mahakama.

Nisije nikaonekana najisifu kwa kuona, sikiliza aibu yangu. Miaka sita iliyopita jirani yangu alitaka kuukata mnazi uliozeeka, nao ulikuwa unaelekea upande wa banda langu la kuku. Akaniuliza kwa heshima zote: mzee, wewe mpimaji, utafika bandani? Nikautazama mnazi toka chini hadi kileleni, nikautazama uwanja, nikasema bila kusita, utafika na kuzidi. Sikuleta futikamba, sikupima kivuli, kazi ya dakika tano. Tukalihamisha banda zima, mbao kwa mbao, kuku wakatimuliwa kwa shangazi, jogoo mmoja akapotea hajulikani alipo hadi leo. Mnazi ukaanguka. Kilele kikalala hatua nne kabla ya pale banda lilipokuwa. Jirani akauangalia mnazi, akaniangalia mimi, hakusema neno, akaenda kutafuta mchaichai.

Hilo nalo lina jina. Jicho huzidisha urefu wa kitu kilichosimama ukilinganisha na kilicholala. Chora msitari uliosimama na uliolala, sawa kabisa, kama herufi T iliyopinduliwa, na uliosimama utakuonekea mrefu. Nilikuwa nalijua hilo kabla ya mnazi. Nilijua! Na kujua hakukunisaidia, kwa sababu elimu hiyo ilikuwa imekaa chumba kingine.

Hapa ndipo viinimacho vinafundisha jambo la kweli, na ndipo ningemshika kaka yako mkono. Chora mchangani misitari miwili iliyo sawa. Mmoja utie vichwa vya mshale ncha zote mbili. Mwingine utie panda ncha zote mbili, kama panda ya manati, zikitazama nje. Wa panda utaonekana mrefu. Mjerumani Müller-Lyer aliuchapisha mchoro huo mwaka 1889. Sasa pima kwa ufito: ni sawa. Inua macho, tazama upya. Bado wa panda ni mrefu! Unajua, huna shaka hata chembe, na jicho halina habari nawe. Mwanafalsafa wa Marekani, Fodor, mwaka 1983 aliuchukua ukaidi huu akasema kuona ni kama idara yenye ukuta wake. Inatoa taarifa, haipokei maagizo. Wenzake walimpinga kwa mengi, ila ukaidi wenyewe hakuna anayeukana. Basi kuona na kuamini ni mambo mawili. Kama kuona kungekuwa ni kuamini tu, msitari ungefupika mara tu ulipoupima.

Kwa haki yake, kaka yako amebakiwa na mshale mmoja mkali, na angekuwa na akili angeanza nao. Nikiwa na miaka tisa niliugua malaria, nikaona mbuzi wakipanda ukutani, weupe, kwa foleni. Hapo hakukuwa na mbuzi hata wa kuonekana vibaya. Nilikuwa naona nini? Wapo wanafalsafa wanaojibu kwamba njozi ya homa na kuona kweli ni mambo mawili yanayofanana sura, kama noti halali na noti bandia; karani wa benki akishindwa kuzitenganisha, ile halali haigeuki bandia kwa ajili hiyo. Mimi jibu hilo nalipenda, ila sitakuficha kwamba wale mbuzi walikuwa wazi sana. Nilimwambia mama awatoe.

Huyo uliyekaa naye ni kaka. Mpe kunde, mpe njiti, mwambie Babu anasubiri majibu.

*Salaam Mzee. Mimi ni mwalimu, Mbarara, Uganda. Katika semina tuliambiwa kwamba Wazungu walikuja zamani kupima macho ya watu wa hapa kwetu kwa michoro ya misitari, wakaona Waafrika hawadanganyiki kama wao. Mwenzangu akafurahi sana. Mimi sikujua nifurahi au nikasirike. Ni kweli?*

*Mwalimu, Mbarara*

Salaam mwalimu. Ni kweli kwamba walipima, na kwenu mmo. Watafiti watatu wa Marekani, Segall, Campbell na Herskovits, walikusanya majibu ya karibu watu 1,900 kutoka jamii zaidi ya kumi na kuyachapisha mwaka 1966. Wanyankole walikuwamo, na Watoro pia (wa Toro, mwalimu, si wale unaowaandika majina asubuhi). Mchoro mkuu ulikuwa huo huo wa Müller-Lyer niliomweleza muuguzi hapo juu. Kipimo chao kilikuwa rahisi: msitari wa vichwa vya mshale urefushwe kiasi gani ndipo mtu aseme sasa iko sawa? Watu wa Evanston, mji wa jirani na Chicago, walihitaji urefushwe kwa kama moja ya tano. Wasan wa Kalahari walihitaji karibu sifuri. Watu wa Ankole walikuwa katikati. Na hawakuwa wa kwanza kuona tofauti za namna hiyo. Rivers wa Cambridge alizikuta visiwa vya Torres, kati ya Australia na Papua, mwaka 1898.

Maelezo waliyoyapendekeza ni kwamba mtu aliyekulia katika dunia ya maseremala, yaani vyumba vya pembe nne, meza, milango, masanduku, hujifunza kuisoma panda kama kona ya chumba iliyo mbali naye, na kichwa cha mshale kama kona ya nyumba inayomjia. Kilicho mbali hukuzwa. Ni hukumu ile ile ya Ibn al-Haytham, ila imefunzwa na fundi wa mbao. Aliyekulia katika nyumba ya msonge hana somo hilo. Sisi wa pwani na nyumba zetu za pembe nne, mabanda mbele na ua nyuma, bila shaka tungeangukia kwa waliodanganyika. Mimi binafsi nadanganyika vizuri sana.

Nilipendezwa na maelezo hayo kwa miaka mingi, niliyasimulia hata msibani. Sasa nayashuku. Mwaka 2015 watafiti wanaofanya kazi na watoto wa India waliozaliwa vipofu kwa mtoto wa jicho waliwaonyesha mchoro huo mara tu baada ya kupasuliwa na kuanza kuona. Watoto hawakuwa wameona kona ya chumba hata moja maishani, na wakadanganyika. Njiwa wamejaribiwa, wamedanganyika. Hata samaki, na samaki hana seremala. Kwa hiyo mzizi wa kiinimacho hiki una asili ya ndani zaidi kuliko nyumba, ingawa zile namba za 1966 nazo haziwezi kufutwa hivi hivi. Huenda makazi yanaongeza au yanapunguza kitu ambacho tayari kipo.

Kuhusu kufurahi au kukasirika: mwenzako akifurahi, mkumbushe kwamba kwenye mchoro wa msitari uliosimama na uliolala, ule wa mnazi wangu niliomsimulia muuguzi, baadhi ya waliokwepa mtego wa kwanza ndio waliozama zaidi katika wa pili. Mimi ningewashauri mfanye wenyewe darasani, mchana mmoja, kwa ubao na chaki na rula. Wagawe wanafunzi waliokulia mjini na waliokulia mashambani. Chora msitari mmoja, acha wao waurefushe mwingine mpaka waone umelingana, ndipo upime. Hakikisha hawaoni majibu ya wenzao, maana darasani jibu husafiri chini ya madawati. Mkimaliza niandikieni namba, nitazichapisha hapa.

*Mzee wangu, naendesha lori Segera hadi Chalinze. Mchana naona maji barabarani, nikifika hakuna. Haya nayo ni macho kudanganyika?*

*Dereva*

Hapana, dereva wangu. Haya ni mazigazi, na jicho halina hatia hata kidogo. Lami imechemsha hewa iliyo juu yake, hewa ya moto inaupinda mwanga wa mbingu uliokuwa unashuka barabarani, unaruka kuja machoni mwako. Unachokiona pale chini ni mbingu yenyewe, imefika kwa njia ya panya. Piga picha kwa simu (simamisha lori kwanza!) na maji yatatoka kwenye picha, kwa sababu mwanga umepinda kweli, hata kabla haujafika kwako. Ukubwa wa mwezi wa Pangani hautoki kwenye picha, maana huo ulitengenezwa ndani. Ndiyo njia yangu ya haraka ya kuyatenganisha haya mawili.

Qurani, katika sura ya An-Nur aya ya 39, inayataja mazigazi ya jangwani ambayo mwenye kiu huyadhani maji. Mwenye kiu, angalia. Mwanga umepinda kwa kila mtu, kudhani ni kwa mwenye kiu. Sisi wapimaji tulikuwa tunafunga chombo saa tano na kukirudisha saa tisa, kwa sababu hewa ya mchana huifanya fimbo ya vipimo icheze ngoma na namba zake zisisomeke. Bosi mmoja, simtaji, alitulazimisha tupime saa saba. Mfereji ule maji yake yalikataa kushuka.

*Shikamoo babu. Mimi nasoma darasa la sita, Lindi. Macho yanadanganyika. Je, vidole navyo vinadanganyika?*

Marahaba mwanangu. Sana! Pishanisha kidole cha shahada na cha kati, kimoja kipande juu ya mwenzake. Fumba macho. Mwambie ndugu yako aviringishe kunde moja pale ncha za vidole zinapokutana, ziguswe zote mbili. Utahisi kunde mbili. Aristotle wa Ugiriki aliliandika hilo zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Sababu ni kwamba kunde imegusa pande mbili za vidole ambazo kwa kawaida haziwezi kuguswa na kitu kimoja kidogo, na mkono unahesabu kama vidole bado vimekaa mahali pake. Fumbua macho uitazame kunde ni moja, kisha viringisha tena, uone kama vidole vitakusikiliza.

Ukimaliza irudishe jikoni, mama asije akasema Babu ndiye aliyekufundisha kuchezea chakula.